Kabla Hujawaambia Wazee

Wete, Pemba
3 Oktoba 2024

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako kutoka Maskati imenifikia juzi. Nimeisoma mara mbili peke yangu, kisha mara ya tatu pamoja na mke wangu, kwa kuwa yeye ana haki ya kuijibu kuliko mimi. Umeniuliza swali moja: je, muwaambie mama yako na wazee wa huku kwamba kipimo cha damu kimeonyesha uwezekano mkubwa wa mtoto kuwa na hali ya Down, ile ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili, au mnyamaze hadi azaliwe? Hukuniuliza kama mimba iendelee, maana hilo mmekwisha kuliamua, kwa hiyo silitii mkono.

Kwanza mjue mnachokijua. Kipimo mlichofanya hutazama vipande vya vinasaba vinavyotoka katika kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mama. Ni kizuri, lakini hakitoi hukumu. Kinachothibitisha ni sindano ya kuvuta maji kidogo ya chupa ya uzazi, kuanzia wiki ya 15, nayo ina hatari ndogo ya mimba kutoka. Msipoitaka, ni haki yenu, ila mtakuwa na dhana, si yakini, na wazee muwaambie hivyo hivyo. Msichopaswa kukiacha ni kuutazama moyo wa mtoto kwa ultrasaundi karibu na wiki ya 20, kwa sababu takriban nusu ya watoto wenye hali hii huzaliwa na kasoro ya moyo. Mtoto wetu, mwenye hali hiyo hiyo, alikuwa na tundu moyoni, nasi tulilijua akiwa na miezi saba, baada ya kumwona akitokwa na jasho na kuchoka kila anaponyonya. Alipofika miaka miwili tukavuka naye bahari hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji. Miezi yote ile saba, nyumba nzima ilikuwa ikimlaumu mama yake kwamba hana maziwa.

Lawama ndiyo hasa iliyonifanya nichukue kalamu badala ya simu. Sisi hatukuonywa na kipimo chochote. Mtoto alizaliwa alfajiri, na muuguzi mmoja akamwambia mke wangu, huku akikunja shuka, "Huyu ni wale," bila ya kusema wale ni akina nani. Mimi nilielezwa na daktari mchana wake, nikamshukuru, kisha nikapanda gari la shamba kwenda kusimamia karafuu, nikakaa huko siku nne, ingawa karafuu zilikuwa na msimamizi wake. Niliporudi nilikuta nyumba imejaa wageni waliokuja kumtazama mzazi, na shangazi yangu, ambaye namheshimu hadi leo, alikuwa akimuuliza mke wangu alikula nini, alipita wapi wakati wa magharibi, na kwao kuna nani wa namna hii. Mke wangu alinitazama. Mimi nikauliza chai iko wapi.

Jibu nililopaswa kulitoa siku ile sikuwa nalo, kwa hiyo nakupa wewe mapema. Mtoto huwa na kromosomu ya 21 (kromosomu ni nyuzi za ndani ya seli zibebazo vinasaba) tatu badala ya mbili, jambo lililobainishwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 1959, na mara nyingi hutokana na hitilafu ya kugawanyika kwa seli kabla hata mimba haijatunga. Halisababishwi na chakula, wala njia, wala jicho la mtu. Utaambiwa kwamba aghalabu kromosomu hiyo hutoka katika yai la mama, na ni kweli, lakini hakuna mwanamke anayeliamrisha yai lake ligawanyike vipi. Umri huongeza uwezekano: kwa mama wa miaka 40 ni takriban mimba 1 katika 100, na kwa wa miaka 25 ni pungufu ya 1 katika 1,000. Hata hivyo mke wangu alikuwa na miaka 24. Na wapo wasomi wa huku wanaodhani Down maana yake ni mtu wa chini. Ni jina tu la daktari Mwingereza aliyeieleza hali hii mwaka 1866.

Basi waambie, lakini uwaambie wewe mwenyewe, si mkeo wala dada yako, na uwaambie kwa sauti, si kwa ujumbe utakaofika Micheweni kabla ya isha. Sema mapema kwamba hamtaki mganga, na kwamba swali la "kwao kuna nani" halitaulizwa mbele ya mkeo. Mama yako atalia; mwache alie, usimkatishe kwa takwimu.

Akikuuliza mtoto atakuwa mtu wa namna gani, hakuna ajuaye. Wetu alitembea akiwa na miaka miwili na nusu. Maneno yake tunayaelewa nyumbani kuliko wanavyoyaelewa skuli, ambako mwalimu wake ana watoto wengi mno. Chuoni amehifadhi sura fupi kumi na moja. Msimu huu hukaa jamvini na bibi yake wakichambua karafuu; ni mwenye taratibu mno, lakini fungu lake hukuti konyo (kijiti cha karafuu) hata moja. Kila mwaka tunampima tezi ya shingo, masikio na macho. Penye matibabu mema, watu wenye hali hii sasa hufika miaka 60, na hilo linanifurahisha mchana na kunikosesha usingizi usiku, kwani nahesabu nitakuwa wapi mimi akiwa na miaka 40.

Mke wangu anasema mkeo ampigie baada ya isha. Wanapozungumza wewe toka chumbani, kwani baadhi ya maneno yatakuwa juu yangu, na mengine huenda yakawa juu yako.

Sahibu yako