YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUPOTEZWA KWA BARUA PEPE ZANGU WAKATI WA KURUDISHA KOMPYUTA KWENYE WINDOWS 10

8 Machi 2024

Ndugu Meneja,

Tarehe 4 Machi niliiacha dukani kwenu kompyuta yangu ya mpakato ili irudishwe kwenye Windows 10, kwa kuwa tangu fundi wenu alipoipandisha kwenda Windows 11 tarehe 27 Februari, skana ninayoitumia kuingiza ramani za viwanja ilikuwa haitambuliki tena. Kwenye fomu ya kazi, ambayo nakala yake naiambatisha, niliandika kwa mkono wangu: "Data zote zibaki." Fundi aliisoma mbele yangu, akaniambia nisiwe na shaka.

Nilipoifuata kesho yake nilikuta diski imefomatiwa, yaani imefutwa yote, na mfumo umesakinishwa upya. Nyaraka na picha zilikuwapo, na kwa hilo nashukuru, lakini nilipofungua Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, ilinipokea kama mgeni, ikaniuliza jina na anwani yangu. Barua za wateja tangu 2015 hazimo, wala siwezi kuzipakua upya, kwani akaunti yangu ni ya POP, yaani barua hupakuliwa kutoka kwenye seva na kuwekwa kwenye kompyuta, na niliipanga ifute barua kwenye seva kila inapozipakua. Thunderbird huziweka ndani ya folda ya AppData, ambayo Windows huificha. Fundi alinakili alivyoviona, visivyoonekana akavifuta.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hapakuwa na haja ya kufomati. Baada ya kupandishwa, Windows 11 hutoa siku 10 za kurudi toleo la awali kupitia Mipangilio, na faili za mtumiaji hubaki mahali pake. Zinazoondoka ni programu zilizosakinishwa baada ya kupandisha. Kompyuta ilifika kwenu siku ya sita. Hata kama njia hiyo ingegoma, kunakili folda nzima ya mtumiaji, pamoja na vilivyofichwa, ni kazi ya diski moja ya nje na subira kidogo.

Nimeizima kompyuta tangu siku ile ili kisiandikwe kitu kipya juu ya barua hizo. Naomba mgharamie jaribio la kuzirejesha kwa mtaalamu wa kuokoa data, mnirudishie malipo yaliyomo kwenye stakabadhi iliyoambatishwa, na mnijibu kwa maandishi kabla ya tarehe 20 Machi.

Wenu mwaminifu,

Mteja