Watafiti, msiiache miswada yenu njiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watafiti wetu wanaofanya kazi kwa fedha za NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Mimi ni mkutubi wa taasisi ya utafiti hapa Dar es Salaam.

Sharti la fedha hizo linajulikana. Makala iliyokubaliwa na jarida tangu Aprili 7, 2008 lazima iwekwe PubMed Central, hifadhi ya makala za afya kwenye mtandao, isomwe bure na yeyote. Zamani jarida liliweza kuifungia hadi miezi 12. Kwa makala zilizokubaliwa kuanzia Julai 1, 2025, kusubiri huko hakupo tena: inafunguliwa siku inapochapishwa.

Wengi bado wanaamini ni lazima walilipe jarida maelfu ya dola. Jamani, kinachotakiwa ni mswada wako wa mwisho, ule uliopitiwa na wahakiki ukakubaliwa, na kuupeleka huko ni bure.

Tatizo jingine ni hili. Mfumo wa kupokea miswada unataka mwandishi aidhinishe mara mbili: anapoupeleka, na tena ukishapangwa tayari kwa wasomaji. Barua pepe ya pili ndiyo inayosahauliwa. Hivi karibuni nilikaa na daktari mmoja, mtu makini sana kazini, tukafungua akaunti yake. Mswada ulikuwa umemsubiri miezi 7! Tulikagua majedwali, akabonyeza kuidhinisha, na chai yetu ilikuwa bado ya moto. Pasipo PMCID, namba ya utambulisho ya makala katika PubMed Central inayopatikana baada ya hapo, NIH inaweza kuizuia ruzuku ya mwaka unaofuata.

Kinachoniuma zaidi ni simu niliyopigiwa na muuguzi wa wilayani aliyejaza dodoso za utafiti huohuo wa daktari yule, nyumba kwa nyumba, msimu wa mvua. Alitaka kuona matokeo. Kila akifungua ukurasa wa jarida anadaiwa alipe. Jina lake limo kwenye shukrani za makala asiyoweza kuisoma.

Ndugu zangu watafiti, siku barua ya kukubaliwa inapofika, itumeni maktaba pamoja na mswada wenyewe. Tutaupeleka sisi. Mkipata ujumbe wa kuidhinisha, uidhinisheni siku hiyohiyo.

Mkutubi,
Dar es Salaam