Ami, hiyo mwakani ni lini?

Assalaam aleikum Ami,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kibarazani kila nikilianza neno hili la safari yako ya mashua, ile unayosema kila mwaka ni mwakani, wewe huitisha kahawa nyingine na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki.

Juzi ulinipa daftari lako la kijani nikutafutie namba ya fundi wa matanga. Namba niliipata, lakini nilipekua na kurasa za nyuma, uniwie radhi. Mwaka 2016 umeandika kwa kalamu nyekundu: akiba ikifika milioni 3, tunang'oa nanga. Ukaikata. Mwaka 2019 ikawa milioni 4 na nusu. Januari 2024, dola ilipokaribia shilingi 160, ukaandika milioni 7, na pembeni hesabu ya nyaya za mlingoti, maana vitu hivyo bei yake ni ya dola. Hapo nilikuelewa. Lakini miezi michache baadaye dola ilirudi kwenye 130 na ushei, na hiyo milioni 7 haikushuka hata senti. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ile hesabu ya kuzidisha matumizi ya mwaka mara 25 ili ujue akiba ya kustaafia, aliyokupa rafiki yako wa Kilifi, asili yake ni Mmarekani mmoja, William Bengen, mwaka 1994. Alipima hisa na hati za dhamana za kwao, kwa mstaafu anayetaka akiba imchukue miaka 30 bila kuingiza kitu kingine. Wewe una vyumba vinne vya kupangisha Kisauni, kila kimoja 6,000 kwa mwezi, na pensheni ya 31,000. Jumla 55,000, uwe baharini, uwe kitandani. Zile siku 19 za safari yetu ya Shimoni na Wasini zilitula 41,000, na risiti ninazo. Kwa mwezi ni kama 65,000, kwa hiyo upungufu ni 10,000, yaani 120,000 kwa mwaka. Wenye mashua husema tenga sehemu moja ya kumi ya thamani ya chombo kila mwaka kwa matengenezo. Chako ulikinunua milioni 1 na laki 4, basi weka 140,000. Jumla 260,000. Akiba yako ni milioni 2 na laki 8. Gawanya mwenyewe, Ami. Ni zaidi ya miaka kumi, na wewe una 61. Toa laki 5 za hospitali na za tikiti ya kurudi kukitokea msiba, bado unabaki na karibu miaka tisa.

Najua utanijibu kwa Joshua Slocum. Haya, tumtaje. Aling'oa nanga Boston Aprili 1895 akiwa na miaka 51, akazunguka dunia peke yake, akarudi Juni 1898. Vifaa vya kukiunda upya chombo chake, Spray, vilimgharimu dola 553 na senti 62, na kazi ya miezi 13. Saa yake ya safarini ilikuwa ya bati, akauziwa dola moja badala ya moja na nusu kwa kuwa uso wake ulikuwa umevunjika. Wewe hupenda kuishia kwenye saa. Husemi kwamba yule alikuwa nahodha tangu ujanani, na chombo alikiunda kwa mikono yake. Angemlipa fundi kwa kila ubao, sijui kama angetoka bandarini.

Unakumbuka mashine ilivyozima tukiingia mkondo wa Wasini? Ulinitazama mimi, nami nikakutazama wewe. Tukatweka tanga, upepo wenyewe kidogo, saa tatu kufika tulikokuwa tukikuona kwa macho. Jioni ukafungua chujio la dizeli, kile kikombe cha chini kimejaa maji na uchafu mweusi, mzito kama masimbi ya kahawa. Ulichokoa na kupangusa hadi Isha, ukakata kidole, ukatukana, mashine ikawaka. Mtwapa tulikuwa tukimlipa mtu 8,000 kwa kazi hiyo hiyo. Tangu siku ile hujamwita tena. Hizo 8,000 hukuziandika kwenye daftari.

Na kukwangua chini ya chombo vilevile. Bamvua ya Mombasa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Chombo chako kina mkuku mrefu, kiegemeze penye nguzo, maji yakitoka ukwangue na upake rangi kabla hayajarudi. Wazee walipaka deheni, ile dawa ya mafuta na chokaa, hivyo hivyo, hawakukodi winchi.

Basi ninachokuomba ni hiki. Kaskazi ikishashika vizuri, Januari, nenda Pemba. Mama mkubwa ameshaniambia atakuja nawe, ni kwao, na kwa ndugu zake hatalala chomboni. Huhitaji viza, ni pasipoti na karatasi zako za forodha na uhamiaji Kilindini. Toka Pemba shuka Unguja, ukipenda fika Mafia. Ngazija na Madagaska ziache kwa msimu huo, tufani hupita huko. Mayotte ilivyofanywa na tufani Chido tarehe 14 Desemba 2024 uliiona mwenyewe kwenye simu. Aprili kusi ikianza, geuza omo urudi nayo kabla haijawa kali ya Juni na Julai. Miezi mitatu hiyo. Ukirudi, fungua ukurasa mpya uandike ulichotumia kweli. Ikizidi 80,000 kwa mwezi, sitalitaja tena jambo hili, na kahawa nitalipa mimi.

Kuhusu mnyororo wa nanga, ule uliosema bado una mwaka: pete moja niliigonga kwa nyundo ikapasuka kama biskuti. Nimenunua mwingine, milimita 8, mita 40. Uko kwangu Majengo ndani ya gunia, na mgongo unaniuma tangu niupandishe ngazi. Mwezi ukiandama njoo na mkokoteni, maana kuushusha mimi sishushi.