Mama Junior, acha kujilaumu

Mama Junior wangu,

Hiyo voisi yako ya jana, ya vile Junior alishikwa na degedege akiwa na homa na shangazi akasema ni kifafa, nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa kwa matatu ya Njoro, nikalia mpaka mama aliyekaa kando yangu akaniuliza kama kuna msiba. Naijua hiyo hofu. Wangu alishikwa akiwa na mwaka mmoja na nusu, usiku, mwili unachoma, mara macho yakageuka juu, mikono na miguu inarushwa, nikajua ameniacha. Jirani akaja mbio na kijiko anataka kumtia mdomoni, karibu amng'oe jino.

Sasa hiyo kifafa shangazi anasema, mimi nakataa. Degedege ya homa hushika watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hivi, na ya Junior ilikuwa dakika mbili, mwili mzima, mara moja tu, saa hii anacheza. Kati ya watoto 100 wa namna hiyo ni kama 1 ama 2 wanapata kifafa baadaye, na hata wale hawajawahi kushikwa huwa wanafika karibu 1. Ingepita dakika 15, ama ishike upande mmoja, ama irudi siku hiyohiyo, ama kwenu kuna mtu wa kifafa, hapo ndio hatari inapanda, na umeniambia hakuna.

Kuna kitu kimoja nakusihi. Huku Nakuru mbu si wengi, lakini wewe uko Nyalenda, Kisumu, karibu na ziwa, je walimpima malaria? Kama bado mrudishe leo, usingoje kesho, juu malaria ikipanda kichwani inaweza kuacha kifafa nyuma. Na ukiona shingo imekaza ama amelala haamki vizuri, kimbia, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Inaweza rudi, mtoto 1 kati ya 3 hurudiwa, wangu alirudiwa. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimmwagie maji, angalia saa, ikifika dakika 5 ita boda. Na hiyo ya kusema ati ulichelewa kumpa dawa ya homa ndio akashikwa, Mama Junior tafadhali wacha, dawa inamtuliza mtoto lakini hata ungempa kwa wakati degedege haizuii. Hukumkosea.

Jumamosi nashika gari ya asubuhi nikuje, nabeba neti mpya.

Wako,
Mama Taji