Semeni Kwanza, Ndipo Msameheane: Barua kwa Wanandoa Vijana wa Makanisa ya Unguja na Pemba

Wanangu wapendwa,

Bwana Yesu asifiwe.

Masika yameingia, na nyinyi mnaijua habari yake kuliko mimi. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zinapunguza watu, nyengine zinafunga mpaka Juni, na baba aliyekuwa akionekana nyumbani siku moja moja anarudi na begi lake kukaa. Mkononi hamna kitu, mvua haikatiki, watoto wamo ndani, na vyumba viwili vya Tomondo au Mwanakwerekwe vinakuwa vidogo kweli kweli. Hapo ndipo yaliyofunikwa msimu mzima wa wageni yanapofumka. Miezi hii wazee wa kanisa tunaitwa majumbani kuliko miezi mengine yote, kwa hiyo nawaandikia kabla hamjatuita.

Nimekaa vikao vya ndoa kwa miaka mingi, na kinachonisikitisha ni jinsi watu wanavyokimbilia "yaishe." Mume na mke wanawekwa chini, wanasomewa Neno, wanaambiwa wapeane mikono. Mikono inapeanwa, sala inasaliwa, chai inaletwa, na kosa lenyewe halikutajwa hata mara moja! Mume anaondoka akidhani mkewe aliudhika kwa sababu ya fedha alizotuma kwao bara. Kumbe za fedha mke alishazimeza. Kinachomkereketa ni kule kuambiwa "hizi si hela zako" mbele ya kaka yake. Sasa huyu mume amesamehewa nini? Hajui. Na mke mwenyewe akiulizwa amesamehe nini, atasema "basi tu, yameisha." Baada ya wiki mbili wanarudi na jambo lile lile.

Isomeni tena habari ya Yusufu, Mwanzo 42 mpaka 45, na msiisome mbio. Ndugu zake wanakwenda Misri kununua chakula. Yeye anawatambua, wao hawamtambui. Hakuwarukia shingoni siku ile. Aliwapima, akawaangalia, mpaka alipomsikia Yuda akijitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini. Yuda huyu ndiye aliyetoa shauri Yusufu auzwe. Hapo hakuweza tena kujizuia. Na tazameni alichofanya kwanza: aliamuru watu wote watoke, wakabaki yeye na ndugu zake. Kisha akawaambia kwamba yeye ni Yusufu, ndugu yao waliyemwuza Misri. Alilitaja. Angeweza kusema yaliyopita si ndwele, na kwa cheo chake nani angembishia? Lakini alilia hata Wamisri wakamsikia, akasema mliniuza, ndipo akawabusu. Na alipowaaga aliwaonya wasigombane njiani, maana aliwajua ndugu zake: wakishatoka tu pale wangeanza, wewe ndiye uliyesema, wewe ndiye uliyemvua kanzu.

Chumba kitupu, na kosa kutajwa. Hayo mawili ndiyo ninayowaomba mwaka huu.

La chumba kitupu Bwana mwenyewe amelisema katika Mathayo 18:15: ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Ni agizo jepesi kulisoma, na sijui kama lipo jengine tunalolivunja kwa wepesi kama hilo. Mke akikosewa jioni, kabla ya saa tatu usiku mama yake aliyeko Masasi au Muheza ameshapigiwa simu. Mume yeye anakwenda kulimwaga kwa wenzake wa kazini. Tena wako wanaolipeleka kwenye kikundi cha maombi: "Mniombee, nyumbani kwangu kuna vita." Kabla ya amina, watu kumi wameshajua. Kuombewa sikukatazi, mwanangu, ombewa. Lakini la chumbani liende kwanza kwa mwenye nalo. Nyinyi wawili mtapatana usiku ule ule, na yule mama wa Masasi ataendelea kumwangalia mkwewe kwa jicho baya mwaka mzima, kwa sababu simu ya ugomvi alipigiwa na ya kupatana hakupigiwa.

Na kuna dhambi ya kununiana, ambayo watu hawaiiti dhambi kwa sababu haina kelele. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa watu, mtoto wa darasa la pili akatumwa na mama yake: "Kamwambie baba yako chakula tayari." Baba yuko hatua tatu, amesikia. Mtoto akaenda, akasema. Baba akajibu, "Mwambie nimeshiba." Mtoto akarudi jikoni, na nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Baba anasema ahsante, atakula baadaye." Mtoto wa miaka minane! Ameshajifunza kuyapunguza makali maneno ya watu wazima ili nyumba isiungue. Hiyo si kazi yake. Mtume Paulo anasema katika Waefeso 4:26 kwamba jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, na mimi nawaambia, kama mnaona kulizungumza jambo usiku ni uzito, mwangalieni anayelala chumba cha pili akisikiliza kama mtasemeshana.

Sasa, kulitaja kosa kuna namna yake. Sema kilichotendeka. "Ulisema hizi si hela zangu, kaka yangu akisikia, nikaona aibu." Hilo mtu anaweza kuliomba radhi, na likisamehewa limesamehewa. Ukimwambia "wewe ni mtu wa dharau, na kwenu nyote ndivyo mlivyo," unataka akuombe radhi ya kitu gani, ya kuzaliwa? Na wewe unayeambiwa, nyamaza mpaka mwenzio amalize. Lile "na wewe je?" lipo mdomoni, nalijua, limeze. Mimi mtu ninampima hapo. Sala ndefu na kufunga siku nyingi ni vyema, lakini aliyekua katika imani ni yule anayeweza kulisikiliza kosa lake mpaka mwisho bila kulitoa la mwenzake.

Wapo watakaoniambia, Bibi, mambo mengine ni madogo, kwa nini kuyataja? Angalieni mfano wa mtumwa asiyesamehe, hapo hapo Mathayo 18. Wahubiri wengi hutuambia kwamba alidaiwa mamilioni na mfalme, akasamehewa, naye akamkaba mwenzake kwa senti chache. Hazikuwa senti chache. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama mnavyoona katika Mathayo 20, kwa hiyo dinari 100 alizomdai mwenzake ni jasho la zaidi ya miezi mitatu. Mnaolipwa kwa siku mnajua maumivu ya kudhulumiwa miezi mitatu. Bwana hakusema deni lile ni dogo. Alichosema ni kwamba liko jengine: talanta moja ilihesabiwa kama dinari 6,000, na yule mtumwa alisamehewa talanta 10,000, deni ambalo hata angeishi maisha elfu asingelimaliza. Kwa hiyo msimwambie mwenzenu "kwani hilo nalo jambo?" Ni jambo. Limeuma. Linasamehewa likiwa na ukubwa wake, kwa sababu sisi tulisamehewa kubwa zaidi.

Hapa niseme jengine bila kupinda, hasa kwenu mabinti. Mume anayekupiga, msamaha hauna maana ya kurudi kulala pale pale ukisubiri kipigo chengine. Nenda kwa sheha, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, nenda kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini wakutibu na wakuandikie. Mwite na mchungaji, lakini usimwite yeye peke yake. Unaweza kuusafisha moyo wako ukiwa umelala mahali salama, na yeye anaweza kutubu akiwa mbele ya sheria. Hata Yusufu aliwapima ndugu zake kwanza. Mzee yeyote wa kanisa atakayekwambia "vumilia, ndoa ni msalaba" wakati jicho lako limevimba, mwambie Bibi wa Mbweni amekataa.

Wengine wenu mlifungia ndoa Mkunazini. Kanisa lile lilijengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na Askofu Edward Steere alilisimamia jengo mpaka likasimama. Inasimuliwa kwamba madhabahu iko pale ulipokuwa mti ambao watu walifungwa wakichapwa. Mlipokuwa mkila kiapo, karibu na miguu yenu palikuwa na duara la marumaru nyeupe iliyozungushiwa nyekundu, na ile nyekundu ni kwa ajili ya damu. Nje kuna sanamu, tangu 1998, za watu wenye minyororo shingoni, wamesimama shimoni. Waliojenga wangeweza kusawazisha kila kitu, waumini wasione. Hawakufanya hivyo. Pale watu wanapokea Mwili na Damu ya Bwana juu ya mahali palipotendeka uovu, na uovu umeandikwa sakafuni. (Na Mkristo asijitoe katika habari ile: mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi nayo yalinunua watu wa pwani hii.)

Huku kwetu Mbweni ndiko baadhi ya waliokombolewa walikopewa makazi. Walitoka makabila mbalimbali, wengine walikamatwa wakiwa wadogo hata kwao hawapakumbuki, wakaoana, wakaanza nyumba bila mjomba wala shangazi wa kuwaweka chini. Huwafikiria sana nikiwaona nyinyi mlioshuka boti bandarini Malindi na begi moja, kwenu Mbeya, kwenu Musoma, hapa hamna ndugu hata mmoja. Na mlioko Wete na Chake Chake ndio zaidi. Msione haya kwa upweke huo. Unawafaa hata: hamna pa kukimbilia ila kwa mwenzio aliyemo ndani.

Tena majirani zetu Waislamu wana desturi nzuri. Ramadhani ikikaribia utaona watu wanafuatana, wanapigiana simu: nimekukosea, unisamehe, tuingie mwezi mtukufu mioyo safi. Jirani yangu huja mpaka barazani kwangu, mimi Mkristo, kuniomba radhi. Sisi tunayo Mathayo 5:23-24, kwamba uiache sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako, na tunaipita tukienda mezani pa Bwana kila Jumapili. Tuifuate. Na kina baba, mnapoomba radhi msiwaruke watoto. Ukimpiga mwanao kwa hasira za kukosa kazi, kumbuka Wakolosai 3:21, kwamba akina baba wasiwachokoze watoto wao, mwite, mwambie nilikupiga bila kosa, nisamehe. Heshima yako haitapungua kwake. Mtoto anajua siku zote kama kipigo kilikuwa cha haki.

Juni hoteli zitaita watu tena. Nawaombeni msiagane mkiwa hamjazungumza, kwa sababu simu ya usiku kutoka Paje, mtu amechoka na mtandao unakatika, si mahali pa kulitaja kosa. Tumieni mvua hizi. Mkijaribu wenyewe mkashindwa, tuiteni mmoja au wawili, kama mstari wa 16 wa ile sura ya 18 unavyosema. Tutakuja hata Wete tutavuka, ila mtukute kila mmoja ameshajua anadai nini na anadaiwa nini.

Nawasalimu nyote, na watoto.

Bibi yenu katika Kristo,
Mbweni, Unguja