Barua kwa Bureti: ndoo ya mifupa

Usa River, Arumeru
Jumapili, 18 Agosti 2024

Shoga yangu Bureti,

Hujambo? Shemeji hajambo, na watoto? Huku sisi wazima, ila baridi ya mwezi huu inanifanya niikumbuke Tanga na jasho lake lote. Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Nikaichomeka kwenye daftari la maabara ili niijibu jioni ile ile, na wewe unanijua. Leo nilikuwa natafuta vipimo vya tanuri, ikaanguka miguuni mwangu.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kama ni kweli yale uliyoyasikia, kwamba masta yangu imekuwa ya kuokota mifupa buchani. Ni kweli: naichoma niwe na mkaa wa kuondoa floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji ya kunywa ya huku. Pili, kwa nini nihangaike na mifupa wakati mlonge, ambao mbegu zake nazo husafisha maji, umejaa kila ua. Hilo la mlonge nitalifikia. Nianze na mifupa, maana ndiyo yenye vituko.

Mwenye bucha wa stendi aliniuzia mifupa wiki tatu mfululizo bila kuuliza kitu. Wiki ya nne akashindwa kuvumilia: "Mwalimu, una mbwa wangapi?" Nikamwambia ni ya kusafishia maji. Akanitazama, akaongeza mfupa mmoja wa paja bure, nadhani kwa huruma.

Tanuru langu la kwanza lilikuwa aibu tupu. Niliichemsha mifupa kutoa nyama na mafuta, nikaianika juu ya bati, nikaipanga ndani ya pipa pamoja na mkaa, nikawasha. Jioni nikafungua mapema kwa kiherehere changu. Nje ilikuwa myeusi, nikashangilia. Nilipoitwanga, ndani ilikuwa kahawia. Maji niliyoyapitisha yalitoka ya njano, yananuka kama nywele zilizoungua. Majirani walifunga madirisha. Mtaalamu mmoja mzee wa huku, aliyechoma mifupa kabla sisi hatujaijua kemia, alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba kahawia maana yake nyama bado imo. Moto unatakiwa uende kwenye digrii 400 hadi 500 na hewa ibanwe, mfupa uive mpaka ndani uwe mweusi au kijivu. Nikauliza, je, nikizidisha moto mpaka uwe mweupe pe, si ndiyo usafi? Akasema mweupe ni mzuri kwa macho tu, vitundu vyake vimeshajifunga na haukamati tena kitu. Sasa natwanga, nachekecha nipate punje kama za mchele uliokatika, naosha mara kadhaa, najaza ndoo yenye koki. Basi.

Wewe mtu wa pwani floraidi umeizoea kwenye dawa ya meno, ukasifiwa kwamba inaimarisha meno. Huku imezidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Maji yanapopita humo yanachukua sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na hapo ndipo penye hila: kalsiamu ingekuwepo ya kutosha, sehemu kubwa ya floraidi ingeungana nayo na kuzama. Kwa kuwa haipo, floraidi inaogelea kwa raha zake. Unakumbuka yale maziwa ya Momella tuliyopigia picha mwaka wa pili, flamingo nyuma yetu? Floraidi yake inafika mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5. Viwango vyetu wenyewe viliwahi kuruhusu hadi 8 vijijini, kisha 4, kwa sababu ukikaza kamba unafunga vyanzo vya watu na huna pa kuwapeleka. Siku hizi navyo ni 1.5, kwenye karatasi.

Matokeo yake unayajua kwa sura. Meno ya kahawia, ambayo huko mjini watu wanayatania. Ila meno ndiyo nafuu. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia mifupani, na utaona mtoto mwenye matege au mzee ambaye mgongo umekataa kunyooka. Na maji yenyewe, shoga, ni mazuri! Hayana harufu. Ni laini kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa kalsiamu, ukifua povu linakupanda mpaka kiwikoni. Ukiyachemsha unaua vijidudu, lakini floraidi inabaki yote, na kadiri mvuke unavyotoka ndivyo inavyokolea. Sasa mwambie mama aliyefundishwa maisha yake yote kwamba maji ya kunywa ni ya kuchemsha.

Hapo ndipo utafiti wangu ulipobadilika. Nilikuja na pendekezo la kupima ndoo. Nimebaki napima watoto, yaani wanavyofikiri kuhusu ndoo.

Nilikwenda na ndoo yangu kidato cha tatu, wakati wanasoma ugumu wa maji, yaani maji yenye kalsiamu nyingi yanayokataa povu la sabuni. Nikawapa karatasi nyeupe: chora kinachotokea ndani ya ndoo maji yanapopita kwenye punje nyeusi. Karibu darasa zima walichora chujio. Punje zimepangana kama wavu, juu yake vidubwana vikubwa vimekwama, chini maji yanatiririka. Mmoja aliipa floraidi meno. Nikamwuliza, hiyo floraidi ina ukubwa gani? Akajibu, "Ni kubwa kuliko maji, ndiyo maana haipiti." Kijana mwenye akili kabisa, na amefikiri sawasawa kwa neno alilopewa. Mimi mwenyewe niliingia darasani nikasema, "Leo tutachuja maji."

Nilirudi nyumbani na neno hilo likanikalia kama mwiba. Kuchuja. Unachuja nazi, unachuja chai, unachuja togwa. Kinachobaki kwenye chujio unakiona. Floraidi ingeweza kupita kwenye vitundu vile ikiimba. Haizuiwi kwa ukubwa, inanaswa. Mfupa una kalsiamu, fosfeti na ioni (chembe zenye chaji) za haidroksidi, na floraidi ina chaji ile ile ya haidroksidi na umbo linalokaribiana sana. Nyingine inanata juu ya uso wa punje, nyingine inamwondoa haidroksidi mahali pake na kukaa yenyewe.

Na kinachoniudhi ni kwamba hao hao watoto wameshafundishwa jambo la aina hiyo! Waulize juu ya Permutit inayolainisha maji magumu, watakuandikia mlinganyo kwa Kiingereza bila kukosea herufi: kalsiamu inaingia, sodiamu inatoka. Ubadilishanaji mtupu. Lakini ule ni wa mtihani na hii ni ndoo, na kati yake kuna ukuta. Alex Johnstone wa Glasgow, yule tuliyemkariri kwa ajili ya mtihani tukamsahau mlangoni, alichora pembetatu yake mwaka 1991: pembe moja yale unayoyaona na kuyagusa, pembe ya pili chembe usizoziona, ya tatu alama na milinganyo. Akasema mwalimu mzoefu anaruka huku na huku bila kujijua, mwanafunzi anaachwa njiani. Mimi naona huku kwetu kuna shimo jingine chini ya pembetatu. Miaka saba ya msingi mtoto anasoma kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza pembe zote tatu zinahamia Kiingereza kwa siku moja. Anabeba alama, kwa sababu alama zinakaririka. Chembe zinabaki hazina lugha.

Ila nisiipambe lugha yetu kupita kiasi, nayo ina mitego. Barafu inayeyuka, na sukari kwenye chai nayo tunasema imeyeyuka. Nina binti alinieleza, na kwa kujiamini, kwamba chai lazima iwe ya moto ili iyeyushe sukari kama jua linavyoyeyusha mafuta ya mgando. Neno kumumunyuka lipo kwenye vitabu, lakini nani analisema jikoni? Nimeanza kulisema darasani. Wananicheka, na wanalikumbuka.

Juma lililofuata nilirudi nikawaambia wasitumie neno kuchuja. Watafute jingine, lugha yoyote. Kelele ikawa ya sokoni. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye mwalimu wake aliniambia nisipoteze muda naye, akasema: "Madamu, ni kifodi." Vifodi ni Hiace za abiria, ndivyo tunavyoziita huku. "Mfupa ni kifodi kimejaa. Haidroksidi amekaa kwenye siti. Floraidi anasimama njiani, kifodi kikisimama haidroksidi anashuka, floraidi anakaa." Darasa likalipuka. Mwingine akadakia, "Na siti zikiisha?" Wakanyamaza wote, kisha wakafika wenyewe: zikiisha, floraidi wanaokuja wanapita moja kwa moja hadi kwenye kikombe. Bureti, hilo ndilo swali ambalo kaya zenye ndoo hizi haziulizi, kwa sababu mfupa uliojaa haubadiliki rangi wala ladha ya maji haibadiliki. Na mtoto anayefikiria chujio anasubiri lizibe. Halitaziba. Maji yatazidi kutoka safi, meupe, na floraidi yote imo. Tena kutokana na kifodi chao nikaweza kuwaeleza kwa nini mkaa uliochoka unaweza kuoshwa kwa magadi kali ya sabuni, yaani sodiamu haidroksidi: umeleta umati wa haidroksidi stendi, wanapigania siti zao mpaka floraidi wanashuka.

Sikuwaacha waipende mno hiyo hadithi. Ioni haitafuti siti, haina haraka ya kufika Tengeru. Lakini walipochora mara ya pili, wavu ulikuwa umepotea kwenye karatasi nyingi, na yule wa floraidi yenye meno alichora mishale miwili, mmoja unaingia na mmoja unatoka. Karatasi hiyo naitunza.

Msimamizi wangu hajafurahi sana. Anasema lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza na mimi natakiwa niandike ninachoruhusiwa kupima. Nimemwambia sipimi Kiswahili, napima uelewa, na uelewa umejitokeza kwa Kiswahili, nifanyeje? Tumeachana hapo kwa heshima. Nitamrudia.

Sasa mlonge wako. Unga wa mbegu zake ni mzuri kweli, wala sikatai. Wanawake wa kandokando ya Nile huko Sudani wametuliza maji ya tope kwa mbegu hizo tangu zamani. Zina protini yenye chaji chanya, chembe za udongo zina chaji hasi, zinashikana, zinakuwa mabonge, zinazama. Ni kazi ile ile ya shabu. Lakini inazamisha tope, na maji ya huku hayana tope. Ukitaka kutumia shabu kuondoa floraidi unaweka nyingi pamoja na chokaa, njia ya Wahindi wa Nalgonda, nayo iliwahi kujaribiwa hapa jirani Ngurdoto kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa floraidi. Inafanya kazi, ila unabaki na matope ya kutupa kila siku na mizani ya kupima kila asubuhi. Nani ana muda? Kuna pia lile chujio la Hilonga, mtoto wa Karatu aliyeshinda Tuzo ya Afrika ya Uhandisi mwaka 2015: mchanga pamoja na nano, yaani chembe ndogo mno, zinazopangwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Hilo wazo la mahali husika ndilo ninalokuomba ulishike. Kwenu, maji yakiwa na tope, tumia mlonge, na maji uyanywe siku hiyo hiyo, usiyalaze, maana mabaki ya mbegu yanaoza.

Suala la mifupa ya nani limeulizwa pia, usidhani limepita hivi hivi. Wanafunzi Waislamu walitaka kujua mnyama kachinjwaje na kama kuna mfupa wa nguruwe. Swali halali kabisa. Nimewapeleka wawili buchani wajionee, wakarudi wakawaambia wenzao, na mwenye bucha akapata kujua kwamba sina mbwa.

Nikusimulie moja la mwisho, la juzi. Nilimtembelea bibi mmoja, nyumba ya juu ya kata ya Maji ya Chai, mwenye ndoo tangu Machi. Anaitunza kuliko redio yake. Nikapima maji yake kwa elektrodi, kipimo cha floraidi, yako chini ya 1.5, nikajisikia profesa. Akanikaribisha makande. Akafungua chungu, akachota maji ya ndoo, akamwagia, kisha akatoa kitambaa, akafungua kipande cha magadi na kukidondosha humo ili maharage yalainike haraka. Magadi ya huku, shoga, yana floraidi nyingine kibao! Nilikaa na sahani mapajani sijui niseme nini. Nikala, makande yalikuwa matamu mno. Jumatano narudi kwake na kipimo, tupime chungu pamoja, kabla na baada. Nataka aione namba yeye mwenyewe. Sitaki kumsomea.

Nina ombi. Nitumie chupa mbili za maji ya kisima cha kwenu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Usiyachemshe, jaza hadi juu, funga vizuri, mpe kondakta wa basi la Arusha, mimi nitalipa huku. Watoto hawa wanasoma ugumu wa maji na hawajawahi kushika sabuni ikakataa povu. Nataka nione nyuso zao. Na ukiweza, weka na visheti.

Wako,
Pipeti