Ukurasa wa teknolojia utufundishe kuelewa kompyuta, sio kununua tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Mimi ni msomaji wa gazeti hili na ukurasa wa teknolojia ndio naanza nao kabla hata ya michezo, na nawapongeza kwa kuwa nao. Ila kusema kweli siku hizi umegeuka ukurasa wa matangazo ya bidhaa. Simu mpya imetoka ina kamera ngapi, laptopu fulani ni nyembamba kuliko ya mwaka jana, apu gani inavuma wiki hii. Msomaji anamaliza kusoma anajua anunue nini, lakini ile kompyuta aliyonayo mezani haijui, faili zake hajui zinakaa wapi, na siku mashine ikianza kusuasua anaambiwa hiyo imezeeka tupa, na yeye kwa kuwa hana pa kuuliza anatupa.

Hapo kwenye kutupa ndipo naumia zaidi. Windows 10 ilitoka 2015 na Microsoft wakaacha kutoa apdeti zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, yaani kichipu cha kutunza funguo za usalama, halafu kwa upande wa Intel inataka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache sana, kwa hiyo mashine nyingi za 2015 au 2016 zimeachwa nje hata kama hazina kasoro yoyote. Hoja ya usalama naielewa na siipingi, na ni kweli kukaa na mfumo usiopata apdeti huku unaingia intaneti kila siku ni hatari. Lakini kusema Windows mpya haiikubali mashine hii ni jambo moja, na kusema mashine hii imekufa ni jambo lingine kabisa, na watu wengi wanaambiwa la pili.

Mtu akiniletea laptopu anayosema imechoka, kitu cha kwanza nafungua Task Manager, lile dirisha la Windows linaloonyesha kila sehemu ya mashine ina kazi kiasi gani, naangalia. Mara nyingi sana unakuta prosesa imetulia haina kazi, ramu, yaani kumbukumbu ya kazi za muda, ina nafasi, ila diski imeganda kwenye asilimia 100 na kila kitu kinaisubiri yenyewe. Ukifungua unakuta ndani kuna ile diski ya zamani yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo wa kusomea unaohama huku na huko kutafuta vipande vya data, sasa Windows ikiwaka tu inaomba maelfu ya vipande vidogo vidogo kwa mpigo na ule mkono hauwezi kuwa sehemu zote. Unanakili kila kitu kwenda SSD, diski ya kisasa ambayo haina kitu kinachozunguka, unafungua skrubu chache, unatoa ya zamani unaweka mpya unafunga, basi. Ni prosesa ile ile na ramu ile ile, na mwenyewe akiiwasha anadhani umembadilishia mashine. Hili jambo sijawahi kuliona kwenye ukurasa wenu hata mara moja.

Na Windows ikikataa bado kuna Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Linus Torvalds aliitangaza 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki, na leo hii simu zote za Android zinaendeshwa na kiini chake, seva nyingi za intaneti, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti na huduma za mtandaoni, ni hiyo hiyo, hata orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani tangu Novemba 2017 zote zinatumia Linux. Sio kitu cha wataalamu peke yao. Unaiweka kwenye fleshi, unawasha laptopu kupitia hiyo fleshi, unaijaribu bila kugusa chochote kwenye diski, usipoipenda unaizima unachomoa fleshi unabaki na vitu vyako kama vilivyokuwa. Ila niseme wazi sio ya kila mtu, kama kazi yako inategemea programu za Adobe au programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, usiingie kichwa kichwa. Kwa mtu wa kuandika barua, kuingia mtandaoni, kuangalia video na kutunza mahesabu madogo madogo inamtosha kabisa, LibreOffice ya kuandikia na mahesabu ipo, Firefox ya mtandaoni ipo, VLC ya video ipo, na zote ni bure.

Sasa tuje kwenye picha, muziki, vitabu na video, maana huko nako watu wanapotea. Tumezoea kuamini kwamba kitu kikishapanda mtandaoni kiko salama milele. Machi 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace walikiri kwamba muziki, picha na video walizopandisha watu kwa miaka kama 12 vimepotea wakati wa kuhamisha seva, na wapo wasanii ambao nakala yao ya pekee ilikuwa huko. Mwaka 2009 Amazon walifuta kutoka mbali vitabu ambavyo wateja walishavinunua na viko tayari kwenye Kindle zao, vile vifaa vya kusomea vitabu, kisa aliyeviuza hakuwa na haki navyo, wakarudisha hela na baadaye wakaomba radhi, lakini watu walishaona kwamba mkono wa muuzaji unafika mpaka ndani ya kifaa chako. Na 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu vya kielektroniki na vile vitabu vikaacha kufunguka, hela zikarudishwa ndiyo, ila vitabu vikaondoka. Kile kitufe kilichoandikwa nunua mara nyingi maana yake ni umepewa ruhusa ya kutumia mpaka hapo watakapoamua vingine, na hilo msomaji anatakiwa alijue kabla hajabonyeza, sio baada.

Simwambii mtu ahame mtandaoni, mimi mwenyewe natumia. Nachosema kitu unachokithamini uwe na faili lake mkononi. Wanaotunza data kwa kazi wana utaratibu wao wa siku zote, nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine kabisa ili moto au mwizi asipate zote kwa pamoja. Na fleshi isihesabiwe kuwa ghala, kwa sababu inatunza data kwa chaji ndogo sana za umeme ambazo zikikaa muda mrefu bila kuguswa zinaweza kufifia, fleshi ni ya kubebea. Halafu kuna hii ya WhatsApp ambayo naiona kila siku, mtu anatumiwa picha za harusi zimetumwa kama picha za kawaida, anazihifadhi, aliyezipiga anafuta zile za kwenye kamera ili apate nafasi, wote hawajui kwamba zilipotumwa zilibanwa na ubora umepungua na hautarudi tena, siku mtu anataka kuchapisha moja kubwa ya ukutani inatoka na ukungu. Ingetumwa kama dokyumenti ingefika nzima. Ni jambo la kubonyeza sehemu tofauti tu, na linaokoa kumbukumbu za watu.

La tatu ni ajira, na hili Mhariri naliandika kwa uchungu kwa sababu naona vijana wanakatishwa tamaa. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 kila mahali ni vichwa vya habari kwamba kuprogramu kumekwisha, akili mnemba inaandika yenyewe, vijana watafute kitu kingine. Na ukurasa wenu nao umeshabeba maneno hayo. Mimi hivyo vifaa navitumia na vinasaidia sana, vinaandika haraka, lakini vinaweza pia kukuitia kwa kujiamini kabisa maktaba ya programu, yaani fungu la kodi zilizoandikwa tayari, ambayo haipo duniani, na asiyejua kusoma kilichoandikwa atakibeba hivyo hivyo mpaka kwenye seva.

Kuna kijana nilikaa naye tovuti yake imegoma. Kwenye laptopu yake inafunguka vizuri na picha zote, akiipandisha kwenye seva picha hazionekani. Alikuwa ameshabandika tatizo kwenye akili mnemba na kupewa majibu marefu, abadilishe ruhusa za folda, aandike upya sehemu ya kupandishia picha, amefanya yote na bado. Nikamwambia tusome kosa lenyewe pole pole, limesema faili halijapatikana. Kwenye folda faili limeandikwa Picha.jpg kwa herufi kubwa na yeye kwenye ukurasa kaandika picha.jpg. Windows kwa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili, seva yake ni Linux na Linux inajali. Basi, herufi moja. Sasa yule kijana hakukosa akili, alikosa mtu wa kumwambia kwamba ujumbe wa kosa ni wa kusomwa na kwamba laptopu yake na seva ni mifumo miwili tofauti.

Vitu vya namna hiyo ndio msingi wenyewe na msingi hauchakai haraka kama watu wanavyosema. Mfumo wa Unix ulianza 1969, lugha ya kuprogramu ya C ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ilianzia IBM miaka hiyo hiyo, na hadi leo anayejua kuuliza hifadhidata kwa SQL vizuri ana kazi ya kufanya. Wakati huo huo Flash, ile programu ya kutengenezea michoro na michezo ya kwenye tovuti, iliyokuwa inafundishwa kama tiketi ya ajira ilizikwa rasmi mwisho wa 2020. Anayejifunza vitufe vya programu moja anazeeka nayo, anayejua faili ni nini, mtandao unasafirishaje data, na ramu inatofautianaje na diski, huyo programu ikibadilika anahama nayo.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayetengeneza pia programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa anapima mambo yake mengine kabisa akaona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, kunachelewa kama nusu sekunde hivi na kunakula prosesa kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wengine tungepuuza. Yeye akafuatilia, akakuta ndani ya xz, programu ndogo ya kubana data iliyomo karibu kila Linux, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yamepandikizwa mlango wa siri, na aliyeupandikiza alitumia jina la Jia Tan na alikuwa amejenga uaminifu kwenye mradi huo zaidi ya miaka miwili. Tarehe 29 Machi akatangaza hadharani, na matoleo hayo yakaondolewa kabla hayajasambaa kwenye seva nyingi. Huyo ni mtu aliyejua mashine yake kawaida inakwendaje ndiyo maana akajua leo haiko kawaida, na hiyo ndiyo kazi ninayotaka vijana waambiwe kwamba bado ipo tena inahitajika sana.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo na linawezekana. Mkiandika kuhusu simu au laptopu mpya tuambieni pia mtengenezaji ameahidi apdeti miaka mingapi, ramu imechomelewa kwenye ubao au inabadilishika, diski je, na betri ikichoka inatoka au imegandishwa kwa gundi. Mkiandika kuhusu huduma ya picha au muziki tuambieni kama mtu akitaka kuondoka anaweza kutoka na faili zake zote na anafanyaje. Halafu tengeni kona ya maswali ya wasomaji kila wiki, swali moja tu lijibiwe kwa kina na mtu anayeijua kazi, tena kwa Kiswahili cha kawaida. Mkikosa mwandishi mimi niko tayari kuanza bila malipo, na ya kwanza ningeiandika kuhusu kutunza nakala za picha, maana hata wiki hii kuna watu wawili wameniletea diski ambazo haziwaki tena na kila kitu chao kilikuwa humo.

Wasalaam,
Msomaji wenu, mpenzi wa kompyuta